Nguruwe mama hakuwaua watoto wake

Asubuhi moja ya mvua, hapa Luofu, mama mmoja mwanachama alituita bandani kwake. Nguruwe wake alikuwa amezaa watoto kumi usiku wa kuamkia siku ile. Wanne walikuwa wamekufa, wamelala bapa ubavuni mwa mama yao.

"Huyu ni nguruwe mbaya," alituambia. "Analalia watoto. Jumamosi namupeleka sokoni."

Tulimwomba angoje kidogo. Tukawachukua wale wanne, tukawaangalia mmoja mmoja, kisha tukawapasua tumbo. Mmoja kwato zake zilikuwa bado zimefunikwa na ngozi laini, nyeupe. Huyo hakusimama hata siku moja. Alizaliwa amekwisha kufa. Watatu walikuwa wametembea, lakini matumbo yao yalikuwa matupu. Hakuna hata tone la maziwa. Kumbe mama yao aliwalalia kweli, lakini aliwalalia wakiwa wamekwisha kulegea kwa baridi na njaa, hawana tena nguvu ya kukimbia.

Tunaandika habari hii juu nguruwe wengi wazuri huuzwa kwa kosa ambalo si lao. Na kwetu huku, mtoto mmoja wa nguruwe anayefikia miezi miwili si kitu kidogo. Ni minervali, ni dawa, ni mbegu ya msimu unaofuata. Familia zilizokimbia vita na kurudi mikono mitupu, nyingi zilianza tena na mfugo mmoja tu.

Baridi, njaa, kulaliwa: ni mnyororo mmoja

Tumboni mwa mama yake, mtoto wa nguruwe anakaa kwenye joto la nyuzi 39. Anatoka akiwa amelowa, hana manyoya ya kutosha, hana mafuta chini ya ngozi. Siku za kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 34. Sasa fikiri usiku wetu wa milima ya Lubero, wakati wa mvua, unaposhuka hadi nyuzi 15 na zaidi.

Aliyeshikwa na baridi hanyonyi. Asiyenyonya anazidi kupoa. Anatafuta joto fasi pekee anapolijua, yaani karibu kabisa na mwili wa mama. Mama akijigeuza, basi. Sisi asubuhi tunaona kifo cha kulaliwa, hatuoni baridi iliyotangulia.

Hata kwenye mashamba makubwa ya Ulaya, yenye taa za joto na sakafu safi, kama mmoja kati ya kumi wa wanaozaliwa hai hufa kabla ya kuachishwa ziwa. Wengi wao hufa siku tatu za kwanza. Kwa hiyo hatuwezi kuahidi kwamba hakuna atakayekufa. Tunachosema ni hiki: usiku tatu za kwanza ndizo za kulinda.

Kabla ya kuzaa

Mimba ya nguruwe ni siku 114: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Andika kwa makala ukutani siku aliyopandwa, uhesabu. Akianza kukusanya majani ya kutandika, na ukiminya chuchu maziwa yanatoka, ujue atazaa ndani ya siku moja hivi.

Osha banda, liache likauke, tandika majani makavu. Kisha tengeneza vitu viwili.

Cha kwanza ni mti wa kuzuia. Funga miti ya mikaratusi kuzunguka kuta, sentimita 20 hadi 25 kutoka chini, na vivyo hivyo kutoka ukutani. Mama akijilaza akiegemea ukuta, watoto wanabaki na njia ya kupita nyuma ya mti.

Cha pili ni sanduku la joto. Ni mbao tu, urefu wa mita moja, lenye kifuniko na tundu ambalo watoto wanapita lakini mama hapiti. Jaza majani makavu mengi. Usiku weka ndani bidoni ya lita 5 yenye maji ya moto, imefungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa. Ibadilishe ikipoa. Mbabula msiingize bandani: majani yanashika moto, na moshi wa makala unaua kimyakimya, watu na wanyama.

Usiku wa kuzaa

Kaa naye. Kila mtoto akitoka, safisha pua na mdomo, mpanguse kwa kitambaa kikavu, funga kitovu kwa uzi safi, kata, paka dawa ya ayodini. Halafu mpeleke chuchuni mara moja.

Hapa ndipo wengi tunakosea. Mtoto wa nguruwe anazaliwa bila kinga yoyote ya magonjwa. Kinga yote iko katika maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano. Baada ya saa 24 utumbo wake unajifunga: hata akinyonya, kinga haipiti tena. Wengine wetu tulifundishwa kukamua maziwa hayo na kuyamwaga, ati ni machafu. Hapana. Ndiyo dawa ya kwanza, na haiuzwi popote.

Watoto wakizidi chuchu, funga wale wakubwa walioshiba sandukuni saa moja, wadogo wanyonye. Kisha wabadilishane.

Mama akisukuma zaidi ya saa moja bila mtoto kutoka, ita veterineri. Na kama anawauma watoto, hasa akiwa mzazi wa mara ya kwanza, mara nyingi ni woga. Watoe wote, fukuza mbwa na kelele, ngoja amalize kuzaa na atulie, kisha uwarudishe.

Siku zinazofuata

Maziwa ya nguruwe yana chuma kidogo sana. Mtoto anayekaa kwenye sakafu ya sementi au mbao anaanza kupauka, anapumua haraka, anakufa ghafula. Siku ya tatu achomwe sindano ya chuma, miligramu 200. Kama haipatikani, weka kila siku udongo mwekundu uliochimbwa chini sana, fasi ambapo nguruwe hawajawahi kupita.

Mama naye anataka maji, zaidi ya lita 20 kwa siku. Ndiyo, ni bidoni nzima, na tunajua nani anaibeba kutoka chemchemi. Lakini bila maji hakuna maziwa. Muhogo peke yake hautoshi pia: ongeza soja iliyopikwa, majani ya viazi vitamu, sombe iliyochemshwa.

Onyo moja. Kama nguruwe wakubwa nao wana homa na wanakufa, msipasue mzoga wala kuuza nyama. Inaweza kuwa tauni ya nguruwe ya Afrika. Haina dawa, na damu inaieneza. Zikeni, mwite veterineri. Mjini Butembo, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kina kitivo cha utabibu wa mifugo ambako koperative inaweza kuomba shauri.

Kazi ya koperative

Kukesha usiku tatu peke yako ni vigumu, na usiku wetu si salama kutembea. Kwa hiyo tunashauri zamu: jirani mmoja afike kabla ya giza, alale hapo hapo, mpokezane kukesha. Kila kundi liwe na daftari: wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, siku gani, tumbo tupu au limejaa. Baada ya uzazi mara tatu mtajua kama kosa ni la nguruwe au la banda.

Wasiofuga nguruwe wasifunge jarida bado. Mbwa wanaotulindia mbuzi, watoto wao hufa kwa njia ile ile. Wiki ya kwanza hawawezi hata kutetemeka ili wapate joto. Sanduku kavu, bidoni ya maji ya moto na maziwa ya kwanza vinawafaa nao.

Yule mama hakumuuza nguruwe wake. Tulimsaidia kufunga miti na kutengeneza sanduku siku ile ile, kwa mbao za mlango wa zamani. Wale sita waliobaki, watano walifika sokoni.