Fedha za Miradi ya Nishati Shuleni

Mradi wa nishati wa wanafunzi hauhitaji fedha nyingi, ila unahitaji fedha zinazofika mapema na kununua vitu vya kushika: mizani, kipimajoto, paneli ndogo ya sola. Bila hivyo somo hubaki ubaoni.

Nchini Tanzania, mpango wa Young Scientists Tanzania, ulioanza mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa maonyesho ya sayansi ya vijana ya Ireland ya tangu 1965, huwaita wanafunzi wa sekondari kufanya utafiti wao na kuutetea mbele ya majaji. Serikali ya Ireland ni miongoni mwa waliouchangia, na Karimjee Jivanjee Foundation imewalipia washindi masomo ya chuo kikuu.

Katika miradi ya nishati, jaribio la majiko ya mkaa linaonyesha jinsi fedha kidogo zinavyofundisha. Wanafunzi hupima mkaa, huinjika lita moja ya maji kwenye kila jiko, husoma joto kila dakika hadi maji yachemke, kisha hupima mkaa uliosalia. Jiko lenye udongo ndani hupoteza joto kidogo kuliko la bati tupu, na tofauti hiyo wanaiona kwenye mizani yao wenyewe.

Wafadhili wengi hulipia ununuzi wakasahau matunzo. Mtambo wa biogesi hutaka samadi na maji kila siku, hata wakati wa likizo. Betri ya sola huharibika ikiachwa tupu. Ruzuku nzuri hutenga fungu la vipuri na la mwalimu mlezi, na hudai daftari la vipimo pamoja na risiti.