Karabai kuukuu zinauzika, ila mwambie mteja kama inawaka au ni pambo

Wadau, leo naongelea bidhaa ambayo baadhi yenu mnayo stoo kwa bibi na hamjui kama ni hela: karabai. Ile taa ya pampu ya mafuta ya taa, yenye tangi chini na kisoksi cheupe ndani ya kioo. Mimi niko Nyamisati, wilaya ya Kibiti, hapa kwenye gati la kwenda Mafia, na huku mzigo bado upo. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanaingia nazo baharini usiku. Zikaja taa za betri na za sola, hazinywi mafuta, karabai zikaishia nyuma ya nyumba. Nyingi zimekwenda kwa watu wa vyuma chakavu, kwa kilo. Kazi yangu ni kuwahi kabla ya mizani.

Wanaonunua kwangu ni wenye migahawa na nyumba za wageni, wapambaji wa sherehe, na watu wachache wanaokusanya taa za zamani tu, wanazipenda. Hawa wa mwisho ndio wanaolipa vizuri, na ndio wanaouliza maswali. Usipojua unachouza watakuacha unaandika peke yako kwenye WhatsApp.

Kwa hiyo anza kwa kusoma tangi. Petromax ni ya Ujerumani, ilianzia kiwanda cha Ehrich & Graetz cha Berlin. Optimus ni ya Sweden. Anchor ni ya China, hizo ndizo ninazokutana nazo sana. Ukikuta 500 CP, hicho ni kipimo cha mwanga, wala siyo mwaka wala bei. Sasa tazama hili: tangi likiandikwa "W. Germany", maana yake Ujerumani Magharibi, nchi iliyokuwepo kuanzia 1949 hadi 1990. Naona watu wanaposti taa ya namna hiyo na kuandika "ya enzi za Mjerumani". Enzi za Mjerumani hapa kwetu zilikwisha kwenye vita ya 1914 hadi 1918! Anayekusanya taa akisoma hivyo anapita, na bidhaa zako zote zinaonekana za uongo.

Kununua ni adabu kwanza. Mzee mmoja nilimfuata, shikamoo, marahaba, tukaongea bahari mpaka chai ikaisha. Akaniambia, "Mwanangu, hii imesomesha watoto wangu wanne." Nikamuuliza aliinunua lini, aliivulia wapi, nikayaandika, kisha nikamwomba ruhusa ya kuyatumia kwenye posti. Akakubali, na nikamwongezea hela juu ya bei tuliyopatana. Yale maelezo yana thamani kuliko kung'arisha. Karabai mbili zinazofanana, yenye historia inatoka haraka.

Tukija kwenye usafi, matangi mengi ni shaba nyeupe iliyopakwa nikeli, na chumvi ya bahari huacha madoa ya kijani. Sabuni, maji ya uvuguvugu, kitambaa laini. Pale shaba ilipobaki wazi, ukwaju unatosha. Msasa na brashi ya waya weka mbali, ukishaikwangua nikeli hairudi. Na chunguza dawa za kung'arishia: zenye amonia zinaitia shaba nyufa ndogo ambazo huzioni kwa macho. Kwenye sufuria si hoja. Kwenye tangi linalojazwa upepo ni hatari.

Pampu ikiwa haivuti, mara nyingi shida ni kipande cha ngozi kilichokauka ndani. Kitoe, kiloweke kwenye mafuta ya cherehani usiku kucha, kitanue kwa vidole, rudisha. Nimefufua nyingi kwa hilo tu.

Sasa hapa naomba usome taratibu. Karabai inafanya kazi kwa mgandamizo. Unapiga pampu, upepo unasukuma mafuta yapande kwenye kibomba cha moto, yanageuka mvuke, yanatoka kwenye kitundu kidogo kama cha sindano na kuwaka ndani ya soksi. Tangi likipasuka au kuvuja wakati inawaka, nyumba ya mtu inaungua. Kwa hiyo kila moja naipima bila mafuta na bila moto: napiga pampu, naizamisha tangi kwenye beseni la maji, naangalia mapovu. Likitoka povu kwenye washa, nabadilisha washa. Likitoka kwenye bati lenyewe au kwenye maungio, taa hiyo haitawashwa tena. Siichomelei. Naitoa kitundu cha sindano kabisa, naiuza kama pambo, na naandika "PAMBO TU, HAIWASHWI" kwenye mstari wa kwanza, siyo chini kwenye hashtagi. Bei inashuka karibu nusu, najua inauma.

Ya kuwaka naipigia video ikiwaka, na picha za kila doa na kila bonde. Soksi kuukuu natoa nikiwa nje, nimefunga pua, kwa sababu za zamani zilikuwa na thoriamu, madini yenye mionzi kidogo, na vumbi lake siyo la kuvuta.

Ukishajulikana kijijini kuwa unanunua vya zamani, utaletewa kila kitu. Kwa sheria ya mambo ya kale ya 1964, vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 vinalindwa, na hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Na huku kwetu kuna Königsberg, meli ya vita ya Wajerumani iliyozamishwa deltani Julai 1915. Mtu akikuletea chuma akisema ni chake hicho, mshukuru, usiposti.

Usafirishaji: mimina mafuta yote, acha tangi wazi siku mbili likauke, kioo kifunge peke yake kwa nguo. Kwenda Mafia napeleka gatini. Kwenda Dar inatoka na bodaboda mpaka Bungu, barabara kuu, halafu basi. Mteja namtumia picha ya boksi likiwa wazi, kisha likiwa limefungwa, na namba ya kondakta.