Mteja Anataka HDMI ya Mita 30? Muulize Kwanza

Mteja wa Ngaramtoni akija inbox anataka HDMI ndefu ya projekta ya kanisani au ukumbini, usikimbilie kutaja bei. HDMI ya kawaida ni ya shaba. Picha ya 4K ikishapita kama mita 5 huanza kukatakata, au inagoma kabisa. Hapo inatakiwa ya faiba, ndugu wa zile kebo zinazounganisha mashine kwenye vituo vya data.

Hii ina tabia zake. Kichwa kimoja kinageuza umeme kuwa mwanga, cha pili kinaurudisha kuwa umeme. Kwa hiyo haigeuzwi: SOURCE inakaa kwenye kompyuta au king'amuzi, DISPLAY kwenye projekta. Mteja akikosea picha haitoki, na wewe ndiye utakayeambiwa umeuza feki! Mtumie picha ya vichwa vyote viwili kabla boda hajaondoka.

Halafu, itapita wapi? Kama ni ndani ya bomba la ukutani, mpe upana wa kichwa kwa milimita, maana kebo hii haikatwi ikaungwa tena. Urefu apime kwa kamba kufuata kona zote, siyo kwa macho.