Mgongo wa Mzee na Michango Yetu

Simu ikitoka Mwadui au Geita kwamba mgongo wa mzee umekataa, familia nzima inajua sababu: mgodi. Mara nyingi ni kweli. Lakini maumivu ya mifupa yasipoisha, damu ikipungua na figo zikilegea, apimwe maieloma, saratani ya uboho. Seli za plazima, ambazo kazi yake ni kutengeneza kinga, huongezeka ovyo, hula mifupa na kumwaga protini inayoumiza figo. Nayo diklofenaki ya duka la dawa, kimbilio la kila mgongo, humalizia figo hizohizo. Bora parasetamoli hadi daktari apange.

Vipimo vya damu, mkojo na uboho humfikisha hospitali ya Bugando, Mwanza. Hapo huzuka swali la umri, na huku ughaibuni tunalijibu haraka mno: “Kazeeka, mwacheni.” Tangu 2015 wataalamu wa maieloma duniani wana kipimo cha udhaifu. Aliyevuka miaka 80 huhesabiwa dhaifu moja kwa moja. Chini ya hapo huangaliwa pia kama anaoga na kuvaa mwenyewe, anashika hela zake, ana magonjwa gani mengine. Mzee wa miaka 74 anayelima Kishapu anaweza kuistahimili dawa kuliko wa 66 asiyetoka kitandani.

Dhaifu hutibiwa, ila polepole. Deksamethasoni ya miligramu 40 kwa wiki hushushwa hadi 20, hata 10, maana ikizidi hupandisha sukari na kukaribisha maambukizi. Bortezomibu huchomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki badala ya mbili, ganzi ya miguu isije ikamwangusha. Lenalidomidi ni kidonge. Dozi yake hufuata hali ya figo. Dawa hizi mbili zikikosekana, melfalani na prednisoloni za tangu miaka ya 1960 bado zinasaidia. Melfalani, bortezomibu na lenalidomidi ziliingia pamoja mwaka 2019, kama dawa za maieloma, katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ingawa orodha haijazi kabati la hospitali.

Kupandikiza uboho kwa kawaida si kwa mzee dhaifu, kwa hiyo harambee ya kumpeleka India isubiri. Sindano ya kila wiki ni safari ndefu: changieni chumba Mwanza, mtu wa kumsindikiza, vipimo vya figo. Na mkiambiwa miguu imelegea ghafla au mkojo umegoma, uti wa mgongo huenda unabanwa. Tumeni nauli ya siku hiyohiyo, msingoje tarehe ya kliniki.