Ndege Yenye Kiu

Kijana wa Oicha, esansi ya pikipiki yako ikiisha kabla ya kufika Beni, unafanya nini? Unasukuma mpaka kwa kadhafi, unanunua kidogo, unaendelea. Ndege haina nafasi hiyo. Esansi ikikwisha angani, itashuka tu, kuwe na uwanja au kusiwe.

Karibu ifike hivyo hapa kwetu Kongo. Tarehe 14 Machi 1939, Corsair, ndege ya Waingereza ya kutua juu ya maji, ilitoka Port Bell, Uganda, kwenda Juba. Chombo cha kuonyesha njia kikadanganya, ndege ikapotea, esansi ikabaki kidogo sana. Rubani akashuka mtoni Dungu, karibu na Faradje. Watu wote walipona, lakini jiwe lilipasua tumbo la ndege.

Utauliza: kwa nini wasijaze esansi nyingi tangu mwanzo? Mwangalie mama anayetoka shambani na mzigo wa mihogo. Akiisha kusimama, anatembea nao mpaka nyumbani. Shida ni kuuinua. Ndiyo maana anamwita mwenzake amtwike. Ndege nayo, ikiisha kuwa juu, inaweza kubeba uzito kupita ule inaoweza kuinuka nao.

Mwaka ule ule wa 1939 Waingereza walijaribu kuitwika ndege angani. Mwezi wa Agosti, Caribou, ndugu yake Corsair, iliondoka Foynes, Ayalandi, ili kuvuka bahari ya Atlantiki. Nahodha wake alikuwa Kelly-Rogers. Ndege nyingine ilikuja juu yake na esansi. Caribou ilikokota kamba nyuma. Ile ya juu ikafyatua kamba yake ili zinasane. Ndipo mpira ukavutwa, na esansi ikateremka kwa uzito wake yenyewe.

Kusema ni rahisi! Marubani wawili lazima waende mwendo mmoja, karibu karibu, bila kugusana. Kamba ikijizungusha kwenye bawa, ni hatari. Cheche moja tu, ni moto. Na wingu likiwafunika, hawaonani.

Siku hizi mpira una kikapu mwishoni, na ndege yenye kiu inaingiza mrija wake ndani. Lakini upepo unaosukumwa na pua ya ndege unakirusha kile kikapu huku na huku. Tarehe 22 Aprili 2015 ndege ya majaribio ya Marekani, X-47B, iliweza. Ilikuwa ya kwanza isiyo na rubani ndani yake kupokea mafuta angani.

Na Corsair? Mwezi wa Julai 1939 walijaribu kuirusha, ikagonga jiwe tena. Mto ulikuwa mwembamba na maji hayatoshi. Ikabidi kujenga bwawa ili maji yapande. Tarehe 6 Januari 1940 ikaruka. Nahodha? Yule yule Kelly-Rogers! Njia iliyopotea kwa saa chache ilileta kazi ya karibu miezi 10.

Kwa hiyo, msomaji, rubani mwenye akili anapiga hesabu akiwa bado chini: esansi ya kwenda, ya kurudi, na ya akiba kama njia ikipotea au mvua ikifunga uwanja. Wewe unayepakia watu kwenda Eringeti, fanya vile vile. Fungua tanki, angalia, ndipo uwashe.