Je, Wajua? Masultani, Vita na Watunzi Wao

Je, wajua kwamba kusifu vita kwa mashairi ilikuwa kazi ya kulipwa? Farrukhi, mshairi wa baraza la Sultani Mahmud wa Ghazni, katika Afghanistan ya leo, alitunga kasida ya Kiajemi kusifu uvamizi wa Somnath, India, wa 1025–1026. Firdausi naye alimtunukia sultani huyohuyo Shahnama, yenye beti zipatazo 50,000. Hadithi yasema alilipwa kiduchu, akamrudishia sultani kwa tungo za kumkashifu.

Je, wajua kwamba Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, nayo ilikuwa na mtunzi wa jumbeni? Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, kwa agizo la sultani wa ukoo wa Nabahani. Beti zapita 1,100. Firdausi alisimulia vita kwa mistari miwili miwili, kila jozi na kina chake. Mwengo alichukua njia ngumu zaidi: mistari minne, kila mmoja mizani minane, mitatu ya kwanza kina kimoja, na wa nne una kina kisichobadilika hadi tamati. Jaribu beti kumi tu, utamheshimu.

Na je, wajua kwamba vita anavyovisimulia havikupiganwa? Jeshi la Waislamu lilifika Tabuk, ndiyo Tambuka ya utendi, mwaka 630, halikukuta jeshi la Warumi. Yaliyobaki ni ufundi wa watunzi.

Je, wajua kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa hakungoja vita viishe ndipo atunge? Wamazrui, watawala wa Mombasa, walipokabiliana na Lamu, kisha na Seyyid Said, sultani wa Omani, mashairi yake yalivuka bahari, yakijibiwa na watunzi wa Lamu. Kati yao alikuwamo Bwana Zahidi Mgumi, kiongozi wa Lamu mwenyewe. Ndiyo maana, kwangu mimi, Muyaka yuko juu ya Farrukhi: yake hayakuwa sifa tupu, yalikuwa kejeli, mafumbo na vitisho kwa adui anayeweza kujibu. Upande wake ulishindwa Shela, kisiwani Lamu, na Mombasa ikatwaliwa 1837. Wakuu wa Mazrui walikamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, huko huko Uajemi.

Je, wajua, mkazi wa Kaloleni, Nairobi, kwamba mtaa wetu ulijengwa miaka ya 1940 kwa mikono ya mateka wa vita Waitaliano? Hapa hapakuwa na sultani wala mshairi wa kulipwa. Kabla ya uhuru, wanasiasa akina Tom Mboya walipanda jukwaa la ukumbi wetu, na makofi waliyatafuta wenyewe.

Diwani ya Muyaka, iliyohaririwa na Hichens, ilichapishwa 1940. Utafiti wa Mohamed Abdulaziz juu ya Muyaka ukatoka 1979. Mwenye nakala ya ziada asiiache iliwe na mchwa: Maktaba ya Kaloleni ipo, na imekarabatiwa.