Juu ya Korona: Maneno Watu wa Bafwasende Waliyosadiki

Katekista wa kijiji anaulizwa mara nyingi juu ya ugonjwa kabla munganga hajaulizwa. Katika Bafwasende dispanseri iko mbali na njia za pori ni mbaya, lakini katekista yuko pale pale. Basi inafaa tuangalie maneno ambayo watu walisadiki siku za Korona. Hayakuzaliwa na ujinga tu. Karibu kila moja lilikuwa na mzizi wake, na asiyeuona mzizi anakata majani bure.

Neno la kwanza: Korona ni ugonjwa wa Wazungu na wa wakubwa wa Kinshasa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Katika wale wa mwanzo, wengi walikuwa wametoka Ulaya kwa ndege, na tarehe 6 Aprili Serikali ilifunga Gombe, mtaa wa maofisi na wa wenye mali. Mtu wa kando ya mto Lindi, mbali na Kisangani kilomita zaidi ya 250, alisikia hayo katika radio akafikiri kwamba ugonjwa huo haumhusu. Juu ya mwanzo wake hakukosa: kweli ulikuja kwa ndege. Alikosa juu ya safari yake. Njia kubwa ya kutoka Kisangani kwenda Nia-Nia na Mambasa inapita Bafwasende, na wachuuzi, wenye malori na wachimba dhahabu wanaipita kila siku.

Neno la pili lilikuwa na nguvu zaidi: hatuuoni. Watu wa njia ile walikuwa wamekwisha kusikia habari za Ebola karibu yao. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika hata Mambasa katika Ituri, na ilitangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020. Ilishika watu 3,470, ikaua 2,287. Ni kusema, katika watatu walioshikwa, wawili walikufa. Kwa kipimo hicho Korona ilionekana uongo. Katika watu mia walioambukizwa, mara nyingi hata mmoja hakufa. Zaidi ya nusu ya Wakongomani hawajafika miaka 20, na Korona ilitafuta hasa wazee na wenye ugonjwa wa sukari ao wa damu kupanda. Mzee akifa kwa kukosa pumzi, jamaa iliweza kusema: ni homa, ni uzee, ao kuna mtu. Na nani angewaonyesha sivyo? Mwanzoni vipimo vyote vilipelekwa Kinshasa.

Kisha radio ilisema kwamba hata asiyekohoa, asiye na homa, anaweza kumpa mwenzake ugonjwa. Neno hili ni gumu kupokelewa. Mimi naona mfano wa moshi unafaa. Moto mdogo unawaka ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Wewe umekaa pembeni, moto wenyewe huuoni, lakini ukitoka nguo zako zinanuka moshi. Pumzi ya mwenye Korona ni vile vile. Ndani ya nyumba inajaa, nje upepo unaitawanya. Kwa hiyo kukutana chini ya mwembe kulikuwa na hatari ndogo kuliko kujazana ndani ya kapela ya madirisha madogo. Hapa fundisho la Ebola lilichanganya watu kidogo. Ebola inapita kwa damu na maji ya mwili wa mgonjwa ao wa maiti, basi kunawa na kutogusa kulikuwa jambo kubwa. Juu ya Korona, mtu aliweza kunawa vizuri sana, kisha akapanda gari iliyofungwa pamoja na watu kumi na watano.

Neno la tatu ni la pesa. Watu walisema kwamba wakubwa wanatengeneza ugonjwa ili wapate pesa, sawasawa na siku za Ebola. Tusiwacheke. Tarehe 23 Machi 2020 mahakama kuu ya Kinshasa ilimhukumu Oly Ilunga, aliyekuwa waziri wa afya, kifungo cha miaka mitano juu ya pesa za Ebola zaidi ya dola 400,000. Yeye mwenyewe alikana. Kesho yake, tarehe 24, Rais alitangaza hali ya hatari juu ya Korona. Habari mbili kwa siku mbili! Lakini kuiba pesa za ugonjwa si kuumba ugonjwa. Mwizi wa dawa hathibitishi kwamba hakuna mgonjwa.

Neno la nne ni la chanjo. Tarehe 1 Aprili 2020 munganga mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walizungumza katika televisheni juu ya kujaribu chanjo moja katika Afrika. Siku mbili nyuma yake Profesa Muyembe, aliyekuwa akisimamia kazi ya kupigana na Korona katika Kongo, akasema kwamba inchi yetu iko tayari kwa majaribio. Alieleza baadaye kwamba hayatafanywa Kongo kabla ya kufanywa fasi ingine, lakini neno la kwanza lilikuwa limekwisha kukimbia. Chanjo 1,700,000 zilifika tarehe 2 Machi 2021, kazi ikaanza tarehe 19 Aprili, na karibu 1,300,000 zilipaswa kupelekwa inchi zingine kabla hazijaharibika.

Hasara haikuwa juu ya Korona peke yake. Mama aliyeogopa sindano ya Korona aliweza kuficha mtoto hata kwa sindano ya surua. Na surua, katika mwaka 2019 tu, iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wadogo. Tena Banalia, jirani ya Bafwasende, ugonjwa mwingine ulikuwa ukiua. Tarehe 8 Septemba 2021 ulitangazwa kuwa meninjiti, ugonjwa wa ngozi ya ubongo. Siku ile wagonjwa 261 walikuwa wamekwisha kuhesabiwa, na 129 wamekufa. Homa, shingo kukaza, kichwa kuuma: mwenye kukaa nyumbani na dalili hizo kwa kuogopa kuitwa mtu wa Korona anapoteza saa ambazo dawa ingeweza kumwokoa.

Sasa watu wanauliza juu ya mpox, ile iliyoitwa zamani ndui ya nyani. Mgonjwa wake wa kwanza kati ya watu alijulikana Basankusu mwaka 1970. Hapa hakuna anayesema hauonekani, maana vipele viko usoni na mikononi. Lakini jina lile la zamani linafanya watu kuangalia nyama ya pori tu. Kamituga, katika Kivu ya Kusini, tangu mwaka 2023 ulipita hasa kati ya mtu na mtu, kwa kugusana miili, katika mji wa machimbo ya dhahabu. Bafwasende nayo ina machimbo, na mchimbaji hakai shimo moja mwaka mzima. Yule anayeacha nyama ya nyani lakini analala kitanda kimoja na mwenzake mwenye vipele bado hajajikinga.